Kivuli cha Baraza: Maneno ya Fundi Mwashi kwa Wenye Majengo na Wapangaji wa Moshi Mjini

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama wa sokoni, wenye majengo mliofunga maduka mapema ili mje hapa, na nyinyi vijana wa uashi mliojibanza kule nyuma: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa nusu saa. Karatasi hii niliyoshika ina miaka na tarehe tu, maana sitaki kuwapotosha kwa tarehe. Mengine yote nayajua kwa mikono, kwa sababu nimeshika mwiko katika mji huu zaidi ya miaka arobaini.

Asubuhi nimeteremka Mbuyuni nikapita Market Street kwa miguu. Rasharasha zilikuwa zimeanza. Mafundi cherehani wa pale barazani hawakufunga kazi. Waliinua cherehani zao, wakazirudisha nyuma hatua moja, wakaendelea kushona. Mama mmoja akaingia na mkungu wake wa ndizi. Wakaingia wanafunzi wawili. Kijana wa bodaboda akaiacha pikipiki ilowe, naye akaja kusimama nasi. Tulikuwa watu kumi na kitu chini ya baraza moja, na hakuna aliyemwomba mwenye duka ruhusa. Nikaangalia juu. Mbao zinazobeba bati la baraza lile zimekuwa nyeusi kwa maji, na gata imechanika kuanzia nguzo ya pili mpaka ya tatu. Maji yote ya paa yanamwagika ukutani. Jengo lile limesimama tangu kabla sijazaliwa, na litauawa na kipande cha gata cha mita tatu.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Watu wakisikia neno "majengo ya kihistoria" hungoja barua itoke Dodoma, au wazungu waje na kamera. Mimi nasema majengo yetu hayatalindwa na barua. Yatalindwa na gata, chokaa na mtu wa kupanda ngazi kila mwaka kabla ya masika.

Niwaambie kwa nini barua haitatutosha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, sheria ile inalikumbatia moja kwa moja. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri mpaka waziri alitangaze kwa jina lake. Sasa hesabuni wenyewe. Kilwa wamo, Bagamoyo wana magofu yao ya Kaole, Waswahili wa pwani wamejenga kwa mawe kwa karne nyingi. Sisi Moshi mjini hatuna nyumba hata moja iliyofikia umri huo, wala hatuwezi kuwa nayo, kwa sababu mji wenyewe haukuwapo.

Moshi hii ya chini ililetwa na reli. Moshi yenyewe ilikuwa juu, Old Moshi, Wajerumani walikojenga boma lao, na ndiko walikomnyonga Mangi Meli, mtawala wa huko, mwezi Machi 1900. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ikakwama, ikasogea, ikakwama tena, ikafika hapa mwaka 1911. Miaka 18 nzima. Stesheni ikawekwa huku tambarare kwa sababu gari moshi halipandi mlima, na jina la Moshi likaifuata stesheni. Wale wa juu wakabaki na neno "Old" mbele ya jina lao. Mkimpata mzee wa kule, muulizeni anajisikiaje kuitwa "Old" katika nyumba ya babu yake.

Basi kuanzia stesheni ile mji ukapanda kama kamba kuelekea mlimani. Waingereza wakauchukua mwaka 1916. Halafu kahawa. Wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaja ushirika wenyewe, KNCU. Nataka vijana mlisikie hili vizuri, kwa sababu mnadhani nyumba hizi za mjini ni za "Wahindi" na hazituhusu. Mwenye duka alikuwa Mhindi, kweli, na jina lake ndilo lililoandikwa juu pale kwenye ukuta wa mbele, pamoja na mwaka. Lakini hela iliyonunua mawe yale ilishuka mlimani kwenye magunia ya kahawa. Mkulima aliuza kahawa yake kwa ushirika, akapita Market Street akanunua bati, jembe, sukari na kanga ya mke wake, akapanda kwenda nyumbani. Duka lilijengwa na mteja. Ushirika nao ukaja kujijengea ghorofa lake katikati ya mji, na jengo lile mnalijua wote. Kwa hiyo mtu akiniuliza haya majengo ni urithi wa nani, jibu ninalo mapema.

Na waashi? Waashi walikuwa nani?

Miaka michache iliyopita mwenye duka mmoja aliniita, ukuta wake wa ndani unabanduka. Kabla sijagusa chochote nilichagua kipande kama upana wa kiganja nyuma ya mlango, mahali ambapo hapaonekani, nikaanza kukwangua taratibu kwa patasi. Ya kwanza ikatoka rangi ya plastiki, nyeupe, ya juzi. Chini yake rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kupaka ukuta mpaka usawa wa kiuno. Chini yake bluu. Bluu ile niliijua papo hapo: ni chokaa iliyotiwa nili ya kufulia, mama yangu aliipaka nyumba yetu hivyo hivyo kila Krismasi. Chini ya bluu njano ya udongo. Chini ya njano chokaa nyeupe tupu, laini kama unga wa muhogo. Halafu lipu ya chokaa, kama sentimita mbili na nusu, na nyuma yake jiwe.

Kati ya jiwe na jiwe, kwenye udongo uliochanganywa na chokaa, palikuwa na vidole vinne vya mtu. Alikuwa ameusukuma udongo uingie ndani ya pengo kwa mkono, kwa sababu mwiko haukufika. Nikaweka vidole vyangu pale. Vyake vilikuwa vifupi kuliko vyangu. Chokaa mbichi inaunguza, wenzangu mnajua; mtu yule alifanya kazi siku nzima huku viganja vinamwasha, na jina lake halikuandikwa popote. Nilifunika tena kwa chokaa. Vipo hadi leo.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu bila kulisema vijana hawatanielewa.

Miaka ya tisini mkandarasi mmoja alinipa kazi ya kukarabati duka la aina hiyo hiyo. Aliniambia: toa lipu yote ya zamani, piga saruji na mchanga, moja kwa nne, pita na niru ya saruji juu ing'ae. Nikafanya. Niliifanya vizuri, ukuta ulinyooka kama kioo cha meza, na nililipwa. Masika ya tatu mwenye duka akanitafuta. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Unyevu ulipanda kutoka kwenye msingi, ukafika usawa wa kifua, chumvi ikachanua kama unga, lipu yangu ikawa inaachia vipande vikubwa kama sinia, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa kimebeba ngozi ya jiwe. Miti ya madirisha iliyokaa miaka sitini bila kuoza ikaoza kwa mitatu. Nilimuua mtu niliyedhani ninamtibu.

Sababu yake ni hii. Kuta za zamani hazina zege ya kuzuia maji chini. Zimekaa moja kwa moja juu ya mawe na ardhi, kwa hiyo maji hupanda, siku zote yanapanda. Chokaa inayaruhusu kutoka. Ukuta unalowa usiku, jua likitoka unakauka, kama shati mgongoni. Saruji ni ngumu na imebana. Ukiipiga juu ya ukuta ule ni sawa na kumvisha mtu anayetoka jasho koti la nailoni. Maji yanakosa mlango, yanabaki ndani, yanatafuta mbao. Tena jengo la mawe na chokaa huchezacheza kidogo kila mwaka, ardhi ikivimba na kusinyaa. Chokaa hujikunja nalo, ikipata ufa mdogo hujiziba yenyewe polepole kwa hewa na maji. Saruji haijikunji. Inapasuka, na kwenye ufa maji yanaingia.

Hatukuwa wajinga, tulikuwa watu wa wakati wetu. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kutoa saruji mwaka 1966, cha Tanga kikafuata mwaka 1980. Mfuko wa saruji ukawa ni kitu cha kununua dukani asubuhi na kutumia mchana. Chokaa unailoweka, unaisubiri wiki, ikiwezekana miezi, unaikoroga kila siku. Nani atasubiri? Mzee aliyenifundisha alikuwa na shimo lake la chokaa, na alipofariki shimo likafukiwa, likajengwa choo. Mimi nilikuwapo wakati linafukiwa na sikusema neno.

Nirudi kwenye umiliki, maana najua wapangaji mnanong'ona: haya mwambie mwenye nyumba. Ni kweli kabisa. Mwaka 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi lilichukuliwa bila fidia. Majengo mengi ya katikati ya miji yetu, si Moshi tu, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ile ilikuwa siasa ya wakati wake na ilikuwa na sababu zake, na mimi si mwanasiasa. Ninachokijua ni kilichotokea ukutani. Kabla ya hapo mwenye duka alilala juu ya duka lake. Bati likivuja, lilimvujia yeye kitandani, na asubuhi alikuwa na fundi. Baadaye aliyelala pale akawa mpangaji, mwenye jengo akawa ofisi, na kati yao pakawa na barua. Gata haingoji barua. Hata leo kwenye majengo ya watu binafsi ni hivyo hivyo: baba amefariki, watoto wako Dar es Salaam, wengine Kanada, kodi inakusanywa na binamu, na binamu haruhusiwi kununua hata misumari.

Ndiyo maana nikasema nisiongee na wenye majengo peke yao. Kaeni pamoja, muandikiane kwenye mkataba kitu kimoja tu: kila mwaka kabla ya Machi, sehemu ya kodi ya mwezi mmoja inakwenda juu ya paa. Mpangaji anaitoa, mwenye jengo anaikata kwenye kodi, risiti inabaki kwa wote wawili. Hakuna anayepoteza. Nimeona watu wawili wakifanya hivyo hapa mjini, na paa zao ndizo pekee katika mstari ule ambazo sijawahi kuitwa usiku.

Sasa hela yenyewe. Sitaki mtu atoke hapa akisema fundi ameongea kama asiyejua njaa. Kiwanja katikati ya mji ni dhahabu. Jengo lisilo na ghorofa lina fremu tatu za maduka, la ghorofa sita lina fremu arobaini. Mtu ana watoto wa kusomesha, nami nitamwambia abaki na fremu tatu kwa sababu ya nili ya mama yangu? Hapana. Lakini nendeni mkaangalie viwanja hivi kwa nyuma. Ni virefu. Mbele lipo duka, nyuma upo uwanja, stoo zilizoporomoka, mti wa mpera, tangi bovu. Panda juu huko nyuma. Weka ghorofa zako huko, nguzo zako za zege zisimame kwenye msingi wao zenyewe, na uache vyumba vya mbele pamoja na baraza. Mteja wako ataingia kwa kupita kwenye kivuli. Wahandisi wanaweza kuchora hivyo, nimefanya nao, na halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, kwa hiyo hapo ndipo pa kwenda kuliomba na kulidai.

Na jengo la mbele msilidharau. Dari yake iko juu, juu kabisa ya ukuta kuna matundu ya hewa, baraza inazuia jua lisiguse ukuta. Mnajua joto la Moshi la Januari na Februari. Ingieni duka la zamani saa nane mchana, halafu vukeni barabara mwingie lile lenye vioo vya aluminiamu lililoangalia magharibi. Mle ndani kiyoyozi kinaunguruma na muuzaji bado anajipepea kwa daftari. Umeme ukikatika wanatoka nje kusimama. Wanasimama wapi? Kwenye baraza ya jirani.

Wengine wananiambia, Mzee, jengo bila hadhi rasmi halina maisha. Nawajibu kwa mifano miwili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hadhi kubwa kuliko hiyo ni ipi? Na bado tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, ikaporomoka wakati wa ukarabati, mafundi wawili wakafa. Wawili wenzetu. Maji yalikuwa yamekula ndani kwa miaka mingi kabla ya siku ile. Huo ni mmoja. Mwingine uko jirani, Arusha. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 bado limesimama, na kilicholiokoa ni kwamba halikuwahi kuachwa tupu. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, watoto wa shule wanaingia kila siku, mlango unafunguliwa asubuhi, mtu anafagia. Na ule ukumbi wa Kaloleni ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 kabla ya Azimio la Arusha kutangazwa, ukiuona ni ukumbi wa kawaida kabisa, hauna minara wala nakshi. Umebaki kwa sababu watu walijua kilichosemwa ndani yake, wakaufanya makumbusho.

Hapa kwetu tumeyaona kwa macho yetu. Treni ya abiria ilikoma tukiwa bado na nguvu, na kwa zaidi ya miaka ishirini stesheni iliyouzaa mji huu ikawa mahali pa mbuzi. Desemba 2019 treni ya Dar es Salaam ikarudi. Mimi nilikwenda, nilitaka tu kusikia honi. Kulikuwa na mama wa makamo amesimama na mjukuu, akimwonyesha dirisha la tiketi, anamwambia, hapa ndipo nilipomuaga babu yako. Wiki haikupita, vibanda vya chai vilikuwa vimerudi, njia imefyekwa, watu wanafagia. Hakuna sheria mpya iliyopitishwa juu ya stesheni ile. Abiria walirudi.

Kwa hiyo nawaomba msihamishe maduka yenu kutoka kwenye majengo haya kwa haraka. Fundi cherehani asifukuzwe barazani kwa kisingizio cha usafi. Yeye ndiye mlinzi wa jengo, ndiye wa kwanza kuona nyufa, na akiona mchwa anasema. Mwenye duka jipya, ukitaka kubandika bango lako kubwa, lipachike kwenye fremu ya chuma mbele ya ukuta, usipige misumari juu ya jina na mwaka wa mwenzako wa kwanza. Huo mwaka ukibomoka haurudishwi na mtu. Na bati: msikubali kubanduliwa bati la zamani kwa sababu tu lina kutu juu. Yale ni mazito, geji ambayo siku hizi hamtaipata dukani. Kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, badilisha yaliyotoboka tu.

Vijana, nimewaacha mwisho kwa makusudi. Chokaa haijafa. Tangu mwezi wa tatu uliopita nimechimba shimo nyuma ya nyumba yangu, nikaloweka magunia sita, nimelifunika kwa majani ya migomba na turubai, na ninalikoroga kila asubuhi kabla ya chai. Imeshakuwa kama siagi. Mwenye lile duka la gata iliyochanika nimezungumza naye leo mchana; amekubali. Jumamosi saa moja asubuhi tunaanza na gata, halafu tunabandua saruji ukuta wa upande wa uchochoroni, kuanzia chini mpaka kifuani, na kuuacha ukuta upumue mwezi mzima kabla ya kupiga lipu mpya. Njooni na mashati ya mikono mirefu na kitu cha kufunika macho, na mjipake mafuta ya nazi viganjani kabla ya kugusa. Ngazi ninayo, patasi ninazo nne. Mwenye ya tano aje nayo.